Manowari Ikishafika

Nilitaka kuandika riwaya ya kisiwa. Nilikuwa nimemaliza kusoma kitabu cha William Golding kiitwacho Lord of the Flies, kilichotoka mwaka 1954, na ndugu msomaji, kama umekisoma utanielewa nikisema usiku ule sikupata usingizi. Ndege inaanguka, watoto wa kiume wa Kiingereza wanajikuta kisiwani peke yao, mtu mzima hata mmoja hayupo. Mwanzoni mambo ni mazuri. Wanapiga kura, wanachagua kiongozi, wanawasha moto mlimani ili meli iwaone. Taratibu wanagawanyika. Wanaanza kuwinda nguruwe, kisha wanawindana wenyewe. Mwisho, damu ikiwa imekwisha kumwagika, anatokea afisa wa manowari, anawaokoa, na kitabu kinafungwa.

Nikasema, na mimi nitatunga changu. Nitawachukua watoto wa Newala na Masasi, nitawatupa katika kisiwa nitakachokibuni, halafu nione. Nilipomsimulia bibi yangu alikuwa anamenya muhogo, wala hakuinua uso.

"Sasa mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "hapa Newala maji ya kunywa tu ni tabu, wewe unakwenda kutafuta bahari? Watoto waliokwama tunao hapahapa. Waliletwa na wazungu wa misheni, wakawekwa Masasi kwenye milima ya mawe. Hawakuwa na wajomba wale."

Nilicheka. Kutokuwa na mjomba ndiyo nini? Baadaye, nilipoanza kusoma habari za watu hao, niliona bibi alikuwa amelimaliza jambo lote kwa neno moja.

Kwa msomaji wa Dar au wa Arusha ambaye hazijui mila zetu, nieleze kidogo. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa mama yake na wa ndugu za mama yake. Baba yupo, anapendwa, lakini mwenye sauti ni mjomba. Mjomba ndiye atakayekulipia ukikosea, ndiye atakayesimama ukioa, ndiye utakayemkimbilia ukionewa. Mtu asiye na mjomba hana pa kukimbilia, na anayetaka kumdhulumu haogopi kulipizwa. Kwa wazee wetu, mtu wa namna hiyo alikuwa karibu sana na mtumwa hata kama hajafungwa kamba.

Basi, wale watoto walikuwa nani?

Katika karne ya 19 njia za misafara zilitoka upande wa Ziwa Nyasa zikapita katika nchi hizi za Ruvuma mpaka Kilwa na Lindi. Watu walitekwa vitani, wengine waliibwa njiani, wengine, tusifiche, waliuzwa na watu wao wenyewe mwaka wa njaa au kwa deni. Wengi walikuwa watoto, kwani mtoto ni rahisi kumlinda na ni rahisi kumsahaulisha. Wakifika pwani walipakiwa majahazini. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyavizia majahazi hayo baharini, na Juni 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, msako ukazidi. Jahazi likikamatwa watoto walitolewa, wakapelekwa Unguja. Na hapo ndipo swali lilipozuka: sasa hawa ni wa nani?

Hebu tazama. Golding anamaliza kitabu chake manowari inapofika. Watoto wetu hadithi yao inaanza manowari inapofika. Afisa amekwisha kuja, amewaokoa, amepigiwa saluti, amekwenda zake. Nyumbani hakuna wa kuwarudisha, na wengine walichukuliwa wadogo mno hata jina la kijiji hawalijui. Ukimrudisha mtoto kwa njia ileile aliyojia, atakamatwa tena kabla hajavuka mto wa kwanza.

Waliowapokea ni wamisionari wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Hao nao walikuwa na kidonda chao. Mwaka 1861, huko Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi, Askofu Mackenzie alikabidhiwa watu waliokombolewa na kundi la Livingstone, watoto wakiwa wengi. Akajenga nao kijiji, akawa ndiye mkuu wao, na mkuu wa kijiji katika nchi ya vita lazima apigane. Askofu akashika bunduki. Njaa ikaingia, maradhi yakaingia, watu wakafa, na Januari 1862 askofu mwenyewe akafa. Misheni ikahamia Unguja, na mwaka 1864 Sultani Majid akamkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa jahazini. Wawili kati yao historia imewahifadhi majina: John Swedi na George Farajallah. Ndio mwanzo wa shule ya Kiungani.

Kutoka watano wakawa makumi, kutoka makumi wakawa mamia. Wasichana waliwekwa Mbweni, na huko huko kukawa na kijiji cha watu wazima waliowekwa huru. Na hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu vitabu vingi vinapita haraka. Hawa watoto hawakutendewa sawa wote. Waliong'amua kusoma upesi walibaki Kiungani kufundishwa ualimu na upadri. Wengine walipewa kazi za mikono, wengine shamba. Mbweni ilikuwa vivyo hivyo: wasichana wa darasa upande mmoja, wasichana wa kufua, kupika na kulima upande mwingine. Watoto waliotoka katika mnyororo mmoja, waliolala jahazini wamebanana kama dagaa, sasa mmoja anaitwa mwalimu na mwenzake anamfulia kanzu. Kiungani walifika bila cheo chochote. Vyeo walivikuta vimekwisha kupangwa na watu wazima, nao wakavipanda.

Nalijua jambo hili si kwa kusoma tu. Nilisoma shule moja ya bweni huku kwetu. Sitaitaja. Mwaka wangu wa kwanza sisi njuka tulichota maji ya kuoga ya wakubwa, na Newala kuchota maji si mchezo, unateremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Tulinyang'anywa sukari. Aliyeshika upawa wa maharage ndiye aliyekuwa rais wa nchi ile. Niliapa kwamba nikifika kidato cha tatu sitamfanyia mtoto wa mtu hivyo. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa na kijana wangu wa kunifulia. Siku moja alilia, nami nikamwambia maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, kwa sauti ileile. Sikumbuki kama nilijisikia vibaya siku ile. Najisikia leo.

Kwa hiyo sitaki kuwapamba watoto wa Kiungani kama malaika. Lakini pia sikubaliani na Golding moja kwa moja. Yeye anataka tuamini kwamba mnyama yumo ndani ya mtoto, ukimwondolea mtu mzima tu anatoka. Soma kitabu kiitwacho Kiungani, kilichotolewa London mwaka 1887. Ni habari zilizoandikwa na wavulana wenyewe wa shule, kila mmoja akieleza kwao, vita, kutekwa, kuuzwa, kupitishwa mkono kwa mkono mpaka pwani. Waliandika kwa Kiswahili, A. C. Madan akawatafsiri kwa Kiingereza. (Inauma kidogo, sivyo? Mtoto wa Kiyao kaandika Kiswahili, na mimi wa Newala namsoma kwa Kiingereza.) Katika habari zile watoto hawawindani. Wanaowinda, wanaofunga kamba, wanaopima mtoto na kutaja bei, ni watu wazima wenye akili zao timamu. Watoto wa Golding walipoteza utoto wao kisiwani. Hawa walipofika mikononi mwa afisa wa manowari hawakuwa nao tena. Walikwisha kujifunza njiani kwamba mtu mzima anaweza kukupa chakula leo na kukuuza kesho. Mtoto anayejua hilo utamlea vipi? Ukimwambia "njoo hapa mwanangu", anasikia nini?

Sasa tuje Masasi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja, aliondoka pwani kwa njia ya Lindi na kundi la watu waliowekwa huru, zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake. Wengine wao walikulia mikononi mwa misheni. Nia ilikuwa kuwarudisha bara, kuelekea nchi walizotoka. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe iliyosimama peke yake porini kama ng'ombe waliolala, watu wakasema hapa panatosha. Ardhi ilikuwa nzuri, maji yapo. Steere akakubali. Wakakata miti, wakajenga, wakalima.

Jaribu kuwaona. Ni watu wazima wasio na wazee. Hakuna bibi wa kusema "sisi tulitoka mahali fulani". Hawana kaburi hata moja la babu. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili walichojifunza Unguja, wakati jirani zao wanasema Kiyao na Kimakua. Nani atawaamua wakigombana? Mke akikimbia arudi kwa nani? Mtu akiiba, nani alipe? Kila mahali pengine katika nchi ile jibu lilikuwa moja: mjomba, na juu ya mjomba, jumbe. Masasi hapakuwa na mjomba wala jumbe, palikuwa na padri. Basi padri akawa mjomba wa watu wote.

Steere aliijua hatari hiyo, Magomero ilikuwa haijasahauliwa. Lakini kijiji hakiwezi kukaa bila mwamuzi kwa sababu tu askofu anaogopa. Na mara mzungu alipokuwa mwamuzi, mapadri wakajikuta wanafanya kazi ya jumbe mchana na ya kanisa jioni. Mtu huyohuyo anakupa adhabu, kisha unakwenda kuungama kwake! Mimi naona hapo ndipo ugomvi wa madaraka wa Masasi ulipokuwa, wala haukuwa wa kelele. Kijiji kile kilikuwa kisiwa, na afisa wa manowari alikuwa amehamia humo akajenga nyumba.

Kisiwa hakikudumu. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, walishuka. Walikuwa wamesikia kwamba kuna kijiji chenye watu na mali. Watu wa misheni hawakuwa na jeshi. Nyumba zilichomwa, wengine waliuawa, wengine walikamatwa wakapelekwa mateka. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaokolewa baharini, akafundishwa kusoma, akaoa, akarudi bara, akalima shamba lake mwenyewe miaka sita, na sasa kamba tena shingoni. Mmisionari mmoja aliwafuata mpaka nchi ya Wangoni kuwakomboa kwa mali, na baadhi walirudi. Baadhi. Neno hilo dogo nimelikuta nalo sijui nilifanyeje katika riwaya.

Waliobaki walitawanyika. Wengine walirudi Unguja. Kazi ya misheni ikapandishwa huku kwetu Newala, juu ya uwanda, chini ya himaya ya Matola, mkuu wa Kiyao. Aliyesimama Newala penye ukingo ule tunaouita Shimo la Mungu, akatazama chini bonde la Ruvuma likipotea katika ukungu, ataelewa kwa nini watu walikimbilia juu. Adui anayepanda unamwona. Wamakonde walikuwa wamekwisha kulijua hilo zamani, wakajificha katika vichaka vyao vizito, wakakubali taabu ya maji kuliko taabu ya kamba.

Kuhamia kwa Matola kulikuwa na maana kubwa kuliko kuhama kwa nyumba. Askofu mpya, Smythies, hakutaka tena kijiji cha watu wa misheni peke yao wakitawaliwa na padri. Padri sasa akae penye jumbe mwenye nchi yake, awe mgeni wake. Yaani baada ya miaka sita na moto mmoja, wazungu walikubali kile ambacho bibi yangu alikisema akimenya muhogo: hapa huwezi kukaa bila wa kukushika mkono.

Na aliyeliweza jambo hilo kuliko wote hakuwa mzungu. Alikuwa mmoja wa watoto wale wale. Cecil Majaliwa alikuwa Myao, alitekwa mdogo, akalelewa na misheni Unguja, akasomeshwa mpaka Canterbury huko Uingereza, akaoa msichana wa Mbweni. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kwa mkuu wa Kiyao aliyeitwa Nakaam, ambaye baadaye alibatizwa akaitwa Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri. Mtoto asiye na mjomba akaketi barazani kwa mkuu, akisema lugha aliyonyang'anywa. Nimejaribu mara nyingi kuandika siku yake ya kwanza Chitangali. Je, watu walimwuliza yeye ni wa ukoo gani? Alijibu nini? Baada ya miaka kama kumi alirudi Unguja. Wengine waliokulia Kiungani walishika kalamu. Mwaka 1888 gazeti lililoitwa Msimulizi lilianza kupigwa chapa pale, likiwa na habari kutoka vituo vya misheni, Masasi na Newala vikiwemo. Yohana Abdallah, Myao, padri, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikatoka 1919. Huko Mombasa, James Mbotela, mtoto wa watu waliowekwa huru Freretown, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Sisi vijana tunaohangaika na mashairi na hadithi hatukuanza jana, bwana.

Lakini kuna mlango mmoja ambao kalamu haikuufungua, nao ni jando. Kwa watu wa huku mvulana hatoki utotoni kwa umri. Anatolewa. Anapelekwa porini na wenzake, mbali na mama, chini ya wakubwa wenye amri juu yake, anaumizwa, anafundishwa, anarudi na jina jipya, naye ni mtu. Tazama ilivyo ajabu: huku kwetu watoto kukaa porini chini ya sheria kali ni jambo lililopangwa na wazazi, lina mwanzo na lina mwisho, na mjomba anasubiri nje. Golding alitupa pori lisilo na anayesubiri. Mtu aliyetekwa kabla ya jando naye alikuwa na pori lisilo na mwisho. Anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa shemasi, lakini kwa macho ya jirani bado ni mtoto. Nadhani hilo liliwauma kuliko umaskini. Misheni yenyewe kwa muda mrefu ililiogopa jando, na Wakristo wakawa wanaondoka usiku kuwapeleka watoto wao. Hatimaye Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliingiza jando kanisani, sala zikawekwa penye matambiko. Wengine walimlaumu, wengine mpaka leo wanamsifu. Kwangu mimi inatosha kwamba mtu mmoja wa kanisa aliona kwamba mvulana anahitaji kutolewa porini na watu anaowajua.

Ya 1905 nitayapita mbio, maana yana vitabu vyake: Vita vya Maji Maji vilifika Masasi, misheni ikachomwa mara ya pili, wamisionari wakakimbilia Lindi.

Riwaya yangu haina kisiwa tena. Inaanzia baharini, jahazi limekamatwa, watoto wanapandishwa sitahani mmoja mmoja. Nimeandika kurasa 40, nikararua 25. Nilimsomea bibi sura ya kwanza, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tu yule mvulana mama yake anaitwa nani. Nikasema hakumbuki, bibi, alichukuliwa mdogo. Akaniambia, "Yeye hakumbuki. Wewe je, mwandishi?"

Nimekwama hapo. Mvulana amesimama mbele ya meza Kiungani, padri ameshika kalamu, anamwuliza jina lake na jina la mama yake, na wenzake waliokuja jahazi lililopita wanachungulia dirishani kuona huyu mpya atapangwa wapi.